Harufu Utaizoea

Mwiba ni kitu kidogo, lakini anayeuacha mguuni kwa sababu ya udogo wake hujikuta siku moja hawezi hata kusimama. Ndivyo yalivyomfika Telesphory, mtaalamu wa usingizi katika hospitali moja mjini Ifakara.

Kwa miaka ishirini na miwili aliwalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa, wakiwemo wajawazito waliovushwa kwenye mafuriko na wakata miwa waliovunjika mifupa. Alisifiwa kila kona. Masika moja aliletewa msaidizi, muuguzi aitwaye Brigitha. Siku ya tatu tu, Brigitha aligundua kwamba bomba la kutolea nje gesi ya usingizi limepasuka, na gesi inabaki chumbani walimo.

"Shikamoo mzee. Bomba hili linavuja. Kichwa kinanigonga tangu asubuhi."

"Marahaba, mwanangu. Harufu hiyo utaizoea. Mimi nimeivuta tangu wewe hujaanza shule, na bado niko ngangari."

"Basi tuombe lingine, mzee."

"Tusimamishe upasuaji kwa ajili ya bomba? Mama mwenye uchungu tumpeleke wapi?"

Akalizungushia plasta, akaendelea na kazi. Brigitha alipofungua dirisha, yeye alilifunga ili kiyoyozi kisipoteze baridi.

Miezi ikapita. Telesphory akaanza kukonda, chakula kikawa kichungu kama shubiri. Alisema ni uchovu. Jumapili moja, wakijiandaa kwenda misa, mkewe Balbina alimtazama akashtuka.

"Baba Fridolin, mbona macho yako yamekuwa ya manjano?"

Alilazwa siku hiyohiyo. Daktari alipima kila kitu, kisha akaketi kando ya kitanda.

"Virusi hakuna, na pombe hunywi. Ini lako limeharibiwa na gesi, mzee."

Brigitha alipokuja kumwona, Telesphory alimshika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Ulinionya, nikakuona mtoto. Wewe umepima?"

"Nimepima, mzee. Niko salama."

"Mungu ashukuriwe. Usiingie tena mle mpaka walibadilishe."

Bomba jipya lilifungwa Jumanne. Fundi alitumia nusu saa tu. Alhamisi, chini ya mvua isiyokatika, Telesphory alizikwa kijijini kwao Michenga. Balbina alishikiliwa huku na huku asianguke, na Brigitha alisimama nyuma ya waombolezaji. Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.