Bamia Zilizogoma Kuvunjika Ncha

Jamani, hii ya leo sikusimuliwa. Kuna wahubiri wanaokota mifano kwenye vitabu, wanatuletea hapa wakulima wa nchi ambazo hata majina yake yanawashinda kutamka. Mimi niliishia darasa la sita, la saba nililichungulia dirishani tu, lakini macho Mungu alinipa mawili na yote yanafanya kazi. Hii niliiona. Nilikuwepo toka mbegu inaingia ardhini mpaka watu wanashika mbavu kwa kicheko, na kwenye kanisa lile hakuna aliyekuwa karibu kuliko mimi. Mama pale unatikisa kichwa. Subiri, tukimaliza utaninunulia soda mwenyewe.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, huko pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Chanika. Nyumba yake vyumba vitatu, na nyuma ana kieneo kati ya choo na karo la kufulia. Kieneo chenyewe ukilala chali, miguu inalala kwa jirani. Jina lake silitaji. Mtaani walimwita Mzee Kachumbari, na jina hilo ndilo lililokuwa linamla roho.

Alilipataje? Kanisa lao, kama hili letu, lina Jumapili ya mavuno. Kila mtu analeta alichopanda au alichofuga, na ibada ikiisha vinanadiwa pale uani. Sasa mwaka wa nyuma yake fundi wetu alikuwa hajapanda hata pilipili. Afanyeje? Jumamosi akaenda sokoni, akanunua nyanya mafungu mawili, akazipangusa kwa kitambaa cha suti, akachomekea majani mabichi ili zionekane zimetoka bustanini sasa hivi. Jumapili akazibeba kichwa juu, anatembea kama harusi ni yake. Mzee wa kanisa akaanza kunadi: nyanya za bustani ya fundi, nyanya za jasho la fundi. Kumbe aliyemuuzia anasali kanisa hilohilo. Yule mama akanyoosha mkono taratibu, na kwa sauti ya upole kabisa akasema, "Baba Subilaga, si jana uliniambia hizi ni za kachumbari?"

Ndugu zangu, watu walicheka mpaka bati mbili za kanisa zikang'oka. Mpiga kinanda alidondokea kinanda, na kwaya ikadhani ndiyo wimbo, ikaitikia. Toka siku hiyo mtu akileta suruali ipunguzwe, anauliza njiani, kwa Kachumbari ni wapi. Mbwa wa mtaa ule hawakubweka kama mbwa wengine. Ukisikiliza vizuri, walikuwa wanalitaja jina.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungehama kanisa, nakujua. Yeye akaapa mbele ya mkewe kwamba mavuno yajayo atapeleka kitu alichopanda kwa mikono yake, kitu kikubwa mpaka jina la Kachumbari life na lizikwe. Akachimba mashimo kumi na mawili, akatia samadi ya kuku, akapanda bamia.

Halafu kikaingia kiangazi. Sio hiki chenu cha kujipepea na gazeti. Kiangazi kile mijusi ilikuwa inabisha hodi, inaomba kivuli. Ukianika shuka, ukifika mwisho wa kamba, mwanzoni imeshakauka na imeanza kupauka. Maji ya bomba yanatoka mara moja kwa wiki, tena yanatoka yakiwa yamechoka. Fundi akatangaza sheria nyumbani: tone lisimwagwe. Maji ya kuosha mchele, kwenye bamia. Watu wakaoga wamesimama ndani ya beseni, na beseni linaenda kwenye bamia. Mkewe alikuwa anasema mgeni akilia msibani kwao, fundi atamwekea kikombe kidevuni.

Na bamia, nisikilizeni, zikaota. Zilipanda juu kwa kelele. Ukikaa kimya asubuhi unazisikia zinajinyoosha, kra, kra. Maua yake ya njano yenye jicho jeusi katikati, nyuki walipanga foleni. Vitoto vya bamia vikatokeza, vya kidole, laini, vya kupika leo leo.

Hapo ndipo fundi alipokosea.

Mkewe alikuja na kisu. Akamwambia mumewe kwamba kwao bamia huchumwa zikiwa changa, kila baada ya siku moja, maana ukichuma shina linazaa tena, na usipochuma linaona kazi imekwisha, linalala. Fundi akasimama mlangoni pa bustani amepanua mikono kama golikipa. Hakuna kuchuma. Hizi ni za mavuno, na zitakua mpaka siku hiyo.

Kila asubuhi akaingia na futi yake ya kushonea shingoni, anazipima kama wateja. Hii urefu inchi sita. Hii imeongezeka kiuno. Akaandika kwa chaki ya nguo kwenye ukuta wa choo. Zikafika urefu wa mkono, nawaambia nilichokiona. Kunguru walitua juu yake wakidhani ni matawi, na mmoja alianza kujenga.

Sasa upande wa pili wa uzio aliishi bibi mmoja peke yake. Meno yote yalishamuaga, hata lile la mwisho lililokuwa linamlindia mlango. Chakula chake ni ugali, na ugali kwa fizi haushuki bila mlenda. Kiangazi kile sokoni mboga zilikuwa zimekuwa kama dhahabu, kwa hiyo akaja na bakuli lake la bati lililobanduka rangi, akaomba bamia tano tu za kuchemsha. Fundi akamjibu kwa heshima zote: bibi, subiri mavuno yapite. Bibi akasubiri wiki, akarudi na bakuli. Akaambiwa hivyo hivyo. Mara ya tatu alisimama akaziangalia zile bamia, akainua uso.

"Mwanangu," akasema, "hizo unazisubiri ziwe nini?"

"Ziwe kubwa, bibi."

"Ziwe kubwa halafu ale nani?"

Fundi akajifanya anapima shina. Bibi akaenda zake na bakuli lake tupu.

Swali lile nawaachia na nyinyi. Ale nani?

Kabla sijafika Jumapili, niwaambie jambo moja. Kati ya yale mashina kumi na mawili, fundi alikuwa anapima kumi na moja tu. La kumi na mbili lilikuwa pembeni kabisa, kwenye uzio wa mabati chakavu, likapata upenyo likachomoza kichwa upande wa bibi. Fundi aliona kisiki tu huku kwake, akadhani limekufa, akalifuta kwenye ukuta wa choo.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Fundi amevaa suti aliyojishonea, amebeba beseni, na bamia zimechomoza nje kama pembe za ng'ombe wa Kisukuma. Watu walisimama. Mchungaji mwenyewe alipoteza mstari aliokuwa anasoma. Moyo wa fundi ulikuwa unadunda mpaka vifungo vya koti vinacheza. Leo ndiyo leo. Leo Kachumbari anazikwa.

Ibada ikaisha, tukatoka uani. Mzee wa kanisa akaliinua lile beseni kwa msaada wa mashemasi wawili, akaanza kunadi. Ndipo zikasikika hatua. Yule mama muuza nyanya anakuja mbele, kanga kiunoni, hana haraka.

Akina mama mnajua anachokuja kufanya. Nyinyi wanaume mnaoletewa chakula mezani ngoja niwafundishe. Bamia hainunuliwi kwa macho. Unaishika ncha, unaibonyeza kwa kidole gumba. Ikisema ta, ikakatika, hiyo changa, nunua. Ikijikunja bila kukatika, imekomaa, mwachie mwenyewe.

Mama akachagua iliyo kubwa kuliko zote, akabonyeza ncha. Kimya. Akabonyeza kwa mikono miwili. Ikagoma. Akaiweka gotini kama mtu anavunja kuni. Goti likalia, bamia haikulia. Akachukua nyingine, akaigonga kwenye nguzo, ikatoa mlio wa kengele na watoto wa Sunday school wakajipanga mstari.

"Baba Subilaga," akasema, "mwaka jana ulituletea kachumbari. Mwaka huu umetuletea kuni."

Sina haja ya kuwaeleza kicheko. Bati zilizobaki ziliondoka. Fundi alisimama na suti yake, futi bado inaning'inia mfukoni, na alichokiona mbele yake si watu, ni kiangazi kizima. Yale maji yote. Wale watoto wanaooga kwenye beseni. Alikuwa amepanda kweli, amemwagilia kweli, amepalilia kweli, na mikono yake ina malengelenge ya kweli. Na hana hata moja ya kuingia kwenye chungu. Akainama aokote beseni aondoke, na nadhani asingerudi kanisani tena maisha yake.

Ndipo bibi akaja. Taratibu, na mkongojo wake, kichwani ana ungo umefunikwa na kitenge. Akautua mezani, akafunua. Bamia. Za kidole, za kijani, laini, bado zina umande. Nyingi mpaka zinamwagika.

Yule mama akachukua moja, akabonyeza ncha. Ta. Akachukua ya pili. Ta. Uani pakanyamaza mpaka ile ta ya tatu ilisikika Kisarawe.

"Bibi," mzee wa kanisa akauliza, "wewe una bustani wapi?"

Bibi akamtazama fundi. "Sina bustani. Hizi zake. Kuna shina lake lilinijia kwangu. Nikachuma, likazaa. Nikachuma tena, likazaa tena. Kiangazi chote nimekula mimi, wakala na wagonjwa wawili mtaani, na bado halijachoka. Mwanangu, nisamehe, nimekuibia."

Shina moja, ndugu zangu. Lile alilolifuta. Mashina kumi na moja aliyoyalinda kama benki yalitoa kuni, na hili moja lililoibiwa kila baada ya siku moja lililisha watu miezi mitatu na bado linachanua.

Mzee wa kanisa akamgeukia fundi, maana utaratibu ni utaratibu. Ninadi kwa jina la nani, la kwako au la bibi?

Fundi akafikiri. Angeweza kusema langu. Yalikuwa maji yake, na Kachumbari angezikwa palepale mbele ya watu wote. Akaichukua bamia moja changa, akaivunja ncha mwenyewe, ta, akautazama ule ute wake unavutika kama uzi wa cherehani. Akasema, "Nadi kwa jina la mwizi wangu. Bila yeye nisingevuna kitu."

Sasa turudi kwetu, maana naona mnamcheka fundi kwa raha sana.

Sisi tuna nini tunakipima kila asubuhi? Kuna mtu hapa ana sauti, anaitunza mpaka kwaya ipate sare mpya. Kuna mtu ana neno la kumwambia kaka yake, jema, dogo, la kidole, na anasubiri likue liwe hotuba ya sherehe. Lichume leo, ndugu yangu. Mwakani utampelekea kuni. Kuna mwenye vitanda viwili visivyolaliwa, anangoja amalize kupaka rangi ndipo akaribishe mgonjwa. Sisi si wachoyo, hapana, tusijisingizie dhambi ambazo hatuna. Tunataka tu kitoke kikubwa ili watu waone. Fundi hakuwa mchoyo. Alikuwa anamwekea Mungu. Lakini mwenye njaa alikuwa jirani, na bakuli lilikuja mara tatu. Na shina letu likiona hatuchumi, linalala. Halilali kwa hasira. Limeona tu kwamba kazi imekwisha.

Chumeni zikiwa changa. Chumeni kila baada ya siku moja. Mnaogopa zitakwisha?

Tusimame tuombe. Hapana, kaeni kwanza. Kaeni.

Nimewaambia niliiona, na kweli niliiona. Kachumbari ni kweli, kuni ni kweli, ile bamia kugongwa kwenye nguzo ni kweli kabisa. Kunguru kujenga nimeongeza kidogo, alikuwa anafikiria tu. Lakini lile shina la kumi na mbili, lile lililopenya uzio likaenda kwa bibi, hilo halikuwepo. Nililitunga Alhamisi nikiwa nanyoa ndevu, kwa sababu hadithi bila lile shina ilikuwa inaniuma.

Hapakuwa na mabati pale wala upenyo. Pana ukuta wa tofali, mrefu hivi, naujua maana naswaki nikiutazama kila asubuhi. Bamia hazina miguu ya kuuruka. Bibi aliomba mara tatu, akarudi na bakuli tupu mara tatu, na Jumapili ile hakuleta ungo wowote. Alikuwa amekaa mbele, amekonda, anacheka pamoja na wengine, fizi nje.

Kwa hiyo leo mtu asinishike mkono mlangoni, na ile soda, mama, tuiache. Mwaka huu mashina yangu ni kumi na moja, yameanza kutoa za kidole, na bibi bado yuko hai. Nawahi kuchuma.