Mama Aliyeshuhudia Kupona

Wapendwa, leo sikuja kuwabembeleza.

Kulikuwa na mama mmoja, mshonaji wa sare za shule, aliyeugua saratani ya titi. Alitibiwa, uvimbe ukanywea, na kanisa lake likamsimamisha mbele ashuhudie kwamba amepona. Watu walilia kwa furaha. Haukupita muda, uvimbe ukarudi, tena mkali, na dawa ile ile ikawa kama maji tu.

Akaenda kwa daktari mmoja mtafiti. Huyo hakumficha. Alimweleza kwamba saratani yake imeizoea dawa ya kwanza, ila wao wanatafiti dawa mpya, zinazolenga kile hasa kinachoukuza uvimbe. Wangekata kipande kidogo, wakipime, waone kama ipo inayomfaa.

"Nitapona?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Lakini ukikubali sasa, tuna pa kuanzia."

Alitoka pale na moyo mwepesi, akawaambia kina mama wenzake wa kanisani. Nyuso zikabadilika. Mwenyekiti wao akamuuliza, kwa upole kabisa, watu watasema nini wakisikia aliyeponywa amerudi hospitali. Wakamwambia hiyo ni imani haba. Wakamsihi angoje, wao watafunga na kumwombea. Naye akaona haya kuwaangusha. Akangoja, huku akikaza kanga kifuani ili uvimbe usionekane ibadani.

Alirudi kwa daktari alipozidiwa. Kipande kikapimwa. Dawa iliyolenga saratani ya aina yake ilikuwepo! Lakini saratani ilikuwa imeshaliharibu ini, na mwili haukuweza tena kuihimili.

Kina mama wakaja wodini. Mwenyekiti akaanza kuomba, mgonjwa akamkatiza.

"Mliupenda ushuhuda wangu. Mimi hamkunipenda."

Akageukia ukutani. Hakusema nao tena mpaka alipokata roho.

Sasa niambieni, ni nani aliyemuua? Saratani peke yake? Msiinamishe vichwa, nitazameni. Daktari alisema hajui, akatafuta. Sisi tunasema tunajua, halafu tunamzuia mtu mlangoni. Ni Mungu gani huyo tunayedhani anatishwa na sindano?

Kama yupo humu anayeumwa, na anatuogopa sisi kuliko anavyoiogopa saratani, asingoje baraka za mwisho wa ibada. Ainuke sasa, aende hospitali. Na atakayemnong'ona akipita, huyo abaki. Nina maneno naye.