Mkate wa Baba Mihayo

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakuona haya kulitamka neno lenyewe, kwa kuwa walitaka litukae kichwani. Maana yake ni kwamba mtu anayeificha shida yake kwa kuogopa aibu hujinyima msaada, na shida hiyo hubaki ikimtafuna peke yake. Wengi wetu tunaijua methali hii kwa ulimi tu. Sostenes wa Kalangalala, mjini Geita, aliijua kwa macho na kwa pua, Jumapili moja alipoamua kupika.

Sostenes alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Wiki moja ilikuwa imepita tangu mkewe, Justa, ajifungue mtoto wao wa kwanza, wakamwita Mihayo, jina la babu yake. Sesilia, dada yake Sostenes, alikuja kumhudumia mzazi. Mara ukatokea msiba kwa wakwe zake Ibadakuli, ikambidi aondoke. Tangu hapo Sostenes alikuwa akinunua chakula mgahawani. Justa alikionja kidogo, akakisukuma kando. Hamu ya kula ilikuwa imempotea, na maziwa nayo yakaanza kupungua. Mtoto alinyonya, akaachia ziwa, akalia mpaka sauti ikamkauka. Muuguzi alikuwa amewaonya mapema kwamba mzazi ni lazima ale.

"Unatamani nini, Mama Mihayo?" Sostenes aliuliza asubuhi hiyo. Ilikuwa siku yake ya kupumzika, maana Jumapili hawakuchimba.

"Usinicheke," Justa alijibu. "Natamani mkate wa mahindi kama anaooka mama kule Mwadui. Ule wa maziwa mgando, unapikwa kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Huo naona utapita."

Sostenes alimpenda mkewe, tena sana. Angeagizwa dhahabu angeshuka shimoni siku hiyo hiyo. Lakini mkate! Kwa baba yake, mwanamume aliyeonekana jikoni alisemwa mpaka kwenye harusi za watu. Hata kambini, ambako wachimbaji hupika kwa zamu, zamu yake ilipofika aliomba abebe mawe badala ya kushika mwiko. Zaidi ya hayo, banda lao la kupikia lilikuwa uani, mkabala na njia waliyopita wenzake kwenda sokoni. Alikwisha kuwasikia wakimcheka jamaa mmoja aliyekutwa nyumbani kwake akimenya viazi. Walisema mkewe amemlisha limbwata, ile dawa inayosemekana humgeuza mume kuwa kondoo.

"Utaupata leo," alimwambia Justa, akatoka.

Alinunua unga, maziwa mgando, mayai na sukari, akavificha ndani ya mfuko wa saruji. Wakati huo jirani yao Mwaisha, Mama Zuhra, alikuwa akifagia uani. Mama huyu aliuza maandazi na mikate ya kumimina, na harufu ya iliki haikumtoka nguoni hata siku ya Idi.

"Baba Mihayo, mzazi ameamkaje? Sesilia hayupo, nije niwapikie chochote?"

"Ameamka salama, Mama Zuhra. Tumeshapika, tumeshakula," Sostenes alidanganya, huku yai moja likipasuka mfukoni.

Akaliingiza jiko la mkaa sebuleni. Akafunga mlango kwa komeo, akafunga na madirisha, akashusha mapazia. Kisha akachukua kanga kuukuu akaziba uwazi wa chini ya mlango ili harufu isitoke nje ikamtangaza. Justa na mtoto walikuwa wamelala chumba cha pili, na kati yao kulikuwa na pazia tu.

Kazi ikaanza. Alimimina maziwa, unga ukawa uji. Akaongeza unga, ukawa zege. Alipoona mchanganyiko unafanana na kitu cha kuliwa, aliumimina sufuriani na kupanga makaa juu ya mfuniko kama alivyoambiwa. Chini aliyajaza mpaka jiko likatapika, kwa imani kwamba moto mwingi huivisha upesi. Akaketi kusubiri, jasho likimtiririka, akijiona mume kati ya waume.

Haukupita muda mrefu akasikia kichwa kizito. Macho yakamwasha. Kutoka chumbani Justa akakohoa.

"Baba Mihayo, mbona hewa nzito? Fungua dirisha basi."

"Vumilia kidogo, mke wangu. Unakaribia kuiva."

Mkate ulikuwa unaungua. Moshi ukatoka pembeni mwa mfuniko, ukajaa chumba. Mtoto akaanza kulia, kisha kilio kikafifia. Sostenes alisimama ili akamtazame, akapepesuka. Akashika ukuta. Wakati huo huo mlango ukagongwa kwa kishindo.

"Sostenes! Mura, fungua!" Ilikuwa sauti ya Marwa, kiongozi wao wa zamu, Mkurya aliyemwita kila mwanamume mura, yaani kijana, na bingwa wa kutania watu. Alikuwa amekuja kumpongeza mzazi. Katika wachimbaji wote wa Geita, huyu ndiye ambaye Sostenes hakutaka amkute na mwiko. Mwiko wenyewe ulikuwa mkononi.

"Subhanallah, moshi unatokea kwenye paa!" Mwaisha alipiga kelele nyuma yake. "Na mna mtoto mchanga humo!"

Sostenes aliutazama mlango, akaangalia na lile pazia. Angeweza kunyamaza wakaondoka. Chumbani, Justa aliita jina lake kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia. Hapo aibu ikamtoka. Alijikokota, akavuta komeo, akaanguka kizingitini na mwiko wake, unga ukiwa umemjaa mpaka kwenye nyusi.

Mwaisha alimruka, akaingia chumbani, akamtoa Justa na mtoto hadi uani. Marwa alilibeba jiko akalitupa nje, kisha akafungua madirisha yote. Mihayo alivuta hewa, akapiga chafya, akalia kwa nguvu zake zote. Justa alimkumbatia, naye akalia. Mwaisha aliwakazania mpaka wakapelekwa zahanati, na muuguzi alipowapima alisema wako salama.

Waliporudi, Sostenes aliketi uani ameinama. Alisubiri kuchekwa. Marwa hakucheka.

"Wewe na mimi tukienda kazini, kitu cha kwanza tunafanya nini?" aliuliza.

"Tunapeleka hewa shimoni," Sostenes akajibu kwa sauti ya chini.

"Hakuna anayeshuka kabla hewa haijaingia. Wewe mwenyewe ulishamfokea kijana aliyesahau. Leo unamwashia mkeo makaa ndani ya nyumba iliyozibwa kama chupa! Ulikuwa unamkimbia nani?"

"Nyinyi," Sostenes alisema. "Mngesema nimelishwa limbwata. Lakini Justa hali, mtoto hanyonyi akashiba. Nisaidieni jamani. Sijui kupika."

Maneno hayo yalimtoka kwa shida kuliko jiwe lolote alilowahi kulipasua.

"Hayo tu?" Mwaisha alishangaa. "Asubuhi nilikuuliza, baba! Lete unga uliobaki."

Jiko likawekwa katikati ya ua, mchana kweupe. Mwaisha alimwelekeza apunguze makaa ya chini na kuyazidisha ya juu, na unga autie hamira kidogo, upate muda wa kuumuka kabla ya kumiminwa. Marwa alivua shati, akamchinja jogoo aliyemleta kama zawadi, akaanza kumkatakata kwa ustadi uliomfanya Sostenes akodoe macho.

"Unashangaa nini, mura? Kambini unadhani supu unayokunywa hupikwa na malaika?"

Wachimbaji wawili walipita njiani wakielekea sokoni. Mmoja akapaza sauti, "Sostenes! Tayari umelishwa?"

Zamani angejificha nyuma ya banda. Safari hii aliinua mwiko juu. "Nimelishwa, na bado nataka kuongezwa! Njoo uonje, ukampikie na wako."

Wakacheka, wakaingia, mmoja akapewa kisu amenye vitunguu.

Mkate ulipofunuliwa ulikuwa wa rangi ya dhahabu, umepasuka kidogo katikati. Sostenes alimkatia Justa kipande cha kwanza, akapiga magoti kando yake ampe kwa mkono wake mbele ya watu wote. Justa alitafuna taratibu. Akafumba macho.

"Si kama wa mama," alisema, "lakini huu nataka mwingine."

Alikula, akanywa supu, akala tena. Jioni maziwa yalitoka mpaka yakalowesha kanga, na Mihayo alinyonya hadi akalala mdomo wazi. Sostenes alikaa karibu nao, mlango na madirisha yakiwa wazi, na sufuria iliyoungua imening'inizwa kwenye msumari ambapo kila apitaye angeiona. Majirani wakimuuliza ni ya nini, hujibu bila kusita: hiyo ni shahidi kwamba mficha uchi hazai.