Nguchiro na Treni Tupu

Hapo zamani, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga miji na kutozwa kodi kama sisi, Nguchiro muuza maandazi aliishi Bondeni na mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemlegea.

Mwaka mmoja kila nyumba ilitozwa debe la mtama ili ijengwe reli ya mjini. Nguchiro alitoa la kwake bila kinyongo, akijua mama yake atapanda treni kwenda kwa mganga. Lakini reli ilipokamilika, ilianzia kwenye kasri la Mfalme Tembo, ikapita sokoni, ikaishia kwenye bwawa la Waziri Kiboko. Bondeni haikufika.

Basi kila asubuhi Nguchiro alipanda kilima kwenda kwa mganga, mama mgongoni, na treni ikawapita, kata-kata-kata, viti vyote vitupu. Mama akauliza kama imeharibika.

"Nzima kabisa, mama," akajibu huku anahema. "Ila haina abiria."

Akaenda kulalamika. Kiboko akamwambia asubiri kikao. Kikao kikakaa, kikaahirishwa, kikaunda kamati, na kamati ikala maandazi yake yote kisha ikamwambia arudi mwezi ujao. Huko Bondeni nako, jirani yake Nungunungu alishinda akihubiri kwamba reli ni upuuzi mtupu, ing'olewe. Nguchiro akachoshwa na wote. Yeye hakutaka ing'olewe. Alitaka ifike kwao.

Asubuhi moja akaenda kasrini, akamnong'oneza Tembo kwamba kuna mgeni wa heshima anakuja Ijumaa kuipanda treni, na akiikuta tupu, aibu itaenea nchi nzima.

Masikio ya Tembo yakapepea. Akamwamuru Kiboko aijaze kwa ndugu zake. Viboko watatu tu walipopanda, behewa likalia kwacha, likalala upande, wakateremshwa mmoja mmoja.

"Sasa abiria nitawatoa wapi?" Tembo akauliza.

"Wamejaa tele Bondeni, Mfalme. Ila kituo kiko mbali nao."

Tembo akaamuru reli ya bwawani ihamishiwe Bondeni mara moja. Kiboko alilalama weee, lakini alibeba vyuma kama wenzake, jasho likimtiririka.

Ijumaa treni ikajaa hadi mlangoni: pimbi na vikapu vyao, kanga na vifaranga, hata Nungunungu, aliyeachiwa benchi zima. Tembo, katika joho lake, akasimama kwenye kituo cha sokoni kumngoja mgeni mpaka jua likawa kali.

"Nguchiro, mgeni yuko wapi?"

Nguchiro akamshusha mama yake taratibu kutoka kwenye behewa.

"Ndiye huyu, Mfalme. Alichangia mtama kama wewe, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kukaribishwa."

Tembo akafura, akainua mkonga ili amkemee. Kisha akaliona behewa lile lililojaa, na foleni ya waliotaka kupanda, na yule mama akijaribu kupita na hatua zake fupi. Akashusha mkonga, akasogea kando, akampisha.

Basi wanangu, mali ya umma huwa na faida inapowafikia walioichangia.