Jibu Fupi kwa Daktari

Mwenye shida hana budi kuifunua mbele ya mtu awezaye kumsaidia, hata kama anaona haya. Anayejisitiri hata kwa mkunga, mtoto atazaliwaje? Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo: mficha uchi hazai. Anésie Irankunda aliisikia methali hiyo mara nyingi tangu enzi za kambi ya wakimbizi Tanzania, lakini aliisikia kwa masikio tu.

Anésie, mama wa miaka hamsini na miwili, aliishi Guildford, kitongoji cha jiji moja la ng'ambo huko kusini mwa dunia, na kufanya kazi katika nyumba moja ya kulelea wazee, ambako wenzake walimwita Mama Belyse. Kisukari kilikuwa kimemwandama mwaka wa nane sasa. Kila asubuhi alimeza kidonge cha kushusha sukari. Jumapili moja baada ya ibada, rafiki yake Honorine alimjia amepungua, gauni linampwaya, akamnong'oneza siri yake: mlo uitwao keto. Hakuna ugali, hakuna wali, hakuna ndizi wala maharagwe. Ni nyama, mayai, parachichi na mafuta.

Tangu siku hiyo Anésie akawa hajui ashike lipi, aache lipi. Kambini mafuta yalipimwa kwa kijiko, na maharagwe ndiyo yaliyomkuzia watoto. Leo anaambiwa mafuta ni dawa na maharagwe ni sumu. Video moja kwenye simu ilimhimiza ale nyama tele, nyingine ikamtisha kwa nyama hiyo hiyo. Karatasi aliyopewa kliniki ilikuwa na picha ya maharagwe, eti ni rafiki wa mwenye kisukari. Sokoni Cabramatta alisimama mbele ya ndizi mbichi, akaziacha, akarudi, akachukua kichane kimoja, kisha akakirudisha. Mwishowe alimfuata Honorine, kwa kuwa gauni lile alikuwa ameliona kwa macho yake.

Wiki moja baadaye ikafika zamu yake ya kumwona daktari. Dakta Pham, mwanamke mpole asiye na haraka, aliweka simu mezani ili mkalimani wa Kiswahili asikike. Ikatoka sauti nzito ya mwanamume mwenye lafudhi ya Kirundi. Anésie akageuka kuitazama simu. Sauti ile aliifananisha na ya Kwizera, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao. Je, kanisa zima lijue kuwa anafukuzana na unene? Tena lilikuwapo jambo la zamani zaidi. Kambini alijifunza kwamba afisa mwenye faili hupewa jibu fupi, kwani neno moja la ziada liliweza kumtoa mtu kwenye orodha ya kuhamishiwa ng'ambo.

Daktari aliuliza kama kuna chochote kilichobadilika katika chakula chake.

"Hapana," alijibu Anésie. "Nakula kama kawaida."

Daktari akayatazama majibu ya damu. Kipimo hicho kilionyesha wastani wa miezi mitatu iliyopita, miezi ya ugali, na sukari ilikuwa juu. Kwa hiyo akaongeza dawa, vidonge viwili badala ya kimoja. Anésie alishukuru, akaenda zake.

Hapo mambo yakaanza kwenda upogo. Mikono ikawa inamtetemeka, na jasho lilimtiririka katika baridi ya kipupwe cha Julai. Honorine alisema hiyo ni homa ya keto, anywe maji ya chumvi. Anésie mwenyewe alidhani ni sukari inayopanda, akapunguza hata kile kidogo alichokula. Akawa kama mtu anayezima moto kwa mafuta ya taa.

Alhamisi moja alikwenda kumvalisha viatu Bibi Margaret, mwanamke wa miaka tisini na mmoja. Alishika kiatu, akakitazama, asijue ni kitu gani. Chumba kilikuwa kile kile cha kila siku, lakini mlango ulikuwa upande gani? Nkatha, muuguzi wa zamu, Mkenya kutoka Meru, alipopita alimkuta ameketi sakafuni akiusukuma mguu wake mwenyewe ndani ya kiatu cha bibi. Naye bibi alikuwa amesimama bila gongo, akiyumba kama mgomba kwenye upepo, akijaribu kumwinua. Nkatha aliruka akamdaka bibi kabla hajaanguka.

Kisha akamtoboa Anésie kidole. Sukari ilikuwa mbili nukta tatu, chini mno. Akamnywesha juisi ya machungwa, akangoja mpaka macho yake yakatulia.

"Mama Belyse, umekula nini leo?"

Anésie akataja yai moja na nusu parachichi, na vidonge viwili.

"Na daktari anajua?"

Anésie alitikisa kichwa. Nkatha hakumkaripia. "Dawa hiyo kazi yake ni kushusha sukari," alisema. "Wewe sukari umeshaiondoa mwenyewe kwa mlo wako. Sasa inashusha nini?"

Kesho yake Anésie alirudi kwa Dakta Pham. Simu ikawekwa mezani, na sauti ikawa ile ile.

"Kwanza niambie, ndugu yangu," alisema Anésie, "wewe si wa kwaya yetu ya Rooty Hill?"

Mkalimani alicheka kidogo. Alikuwa Perth, upande wa pili wa nchi, na hata angekuwa jirani yake, kazi hiyo ilimfunga mdomo.

Anésie akasema yote: keto, chumvi, kiatu, bibi. Daktari aliweka kalamu chini.

"Nilikupa dawa ya mtu anayekula ugali," alisema. "Sikujua kwamba ninamtibu mtu mwingine."

Hakumkataza keto. Alimweleza kuwa mwenye dawa kama zake haanzi mlo huo kabla dawa hazijapimwa upya. Akavisimamisha vidonge, akamfundisha kujipima kidoleni, akamwandikia barua ya kumwona mtaalamu wa lishe. Anésie aliuliza kuhusu maharagwe, mafuta, hata ndizi. Mengine aliyaelewa, mengine yakampita, lakini sasa alijua pa kuyarudisha.

Mwezi Oktoba vipimo vyake vilikuwa vimetulia, na kiganja cha maharagwe kilikuwa kimerudi sahanini. Ndipo Honorine, ambaye bado alikuwa kwenye keto huku akimeza vidonge vya kushusha shinikizo la damu, alipoanza kuona kizunguzungu kila asimamapo. Anésie alimsindikiza kliniki. Walipoketi kusubiri kuitwa, Honorine alimwinamia, akamuuliza kwa sauti ya chini amwambie nini daktari.

"Mwambie yote, dada yangu," alisema Anésie. "Mficha uchi hazai."