Fisi Alivyofagia Msiba wa Chura

Tegeni masikio, marefu kwa mafupi, mnisaidie kumcheka Fisi. Mimi nimemcheka mpaka mbavu zinauma.

Mwaka huo mvua iligoma. Visima vikakauka, madimbwi yakawa vumbi, ukabaki Mto Lukwale peke yake. Nao ulikuwa na balaa lake: kule juu Fisi alikuwa na kiwanda cha ngozi, na bomba lake lilimwaga mtoni uchafu mweusi unaonuka hata nzi wakaukimbia. Ngozi zenyewe alizitoa wapi? Msiniulize mimi, waulizeni akina Swala, kama wamebaki.

Aliyeumia zaidi ni Chura. Msimu uliopita alitaga mayai elfu tatu, halikuanguliwa hata moja. Sasa tumbo lilikuwa linajaa tena, amebakiza mwezi mmoja, na hana pa kutagia. Akamfuata Fisi kiwandani.

"Bwana Fisi, wanangu wanakufa. Funga hilo bomba."

"We Chura, mdomo mpana akili finyu!" Fisi akacheka. "Ile rangi ni dawa. Wanao wamekufa kwa uzembe wako. Nani anataga elfu tatu kwa mpigo? Hata aibu huna?"

Chura akaenda kwa Simba. Simba alikuwa amejitandaza kwenye kiti cha ngozi, zawadi ya Fisi, anachana manyoya yake. Yeye alikunywa maji ya chemchemi yake kilimani, ambayo wengine hawakuruhusiwa kuikaribia, kwa hiyo mto haukumhusu.

"Mfalme hashughuliki na matope," akasema, akapiga mwayo.

Chura akatoka analia kwa hasira. Njiani akakutana na Sungura, akamweleza yote. Sungura akakuna sikio.

"Shangazi, wale elfu tatu uliwafanyia matanga?"

"Matanga ya mayai? Wewe nawe!"

"Yafanye sasa. Ukoo wako na ukoo wa Fisi si watani?"

Ni watani, tena tangu enzi za mababu. Na kule Lukwale mtani ana raha zake msibani: anakula kwanza, anawatukana wafiwa anavyotaka, na hakuna ruhusa ya kununa. Lakini ana kazi pia. Yeye ndiye anayefagia mahali alipofia marehemu, wala harudi kwenye shughuli zake mpaka mfiwa atamke kwamba pamesafika. Akikaidi, siku akifa hazikwi. Raha zile Fisi alizikumbuka daima. Kazi aliisahau, maana haikuwa na mchuzi.

Sungura akaenda kiwandani. "Bwana Fisi, mchana huu kuna matanga kwa Chura. Pilau sufuria nne. Ila usijisumbue, Kenge anasema yeye ndiye mtani, ataanza yeye kula."

"Kenge!" Mate yakamdondoka Fisi. "Kenge awe mtani wa nani, mshenzi yule?"

Akafika mbio, ulimi nje. Simba alikuwa amekwisha kaa mbele, kwa sababu Sungura alimwambia hakuna msiba wa heshima bila mfalme.

"Jamani, mtani wa Chura ni nani?" Sungura akauliza kwa sauti.

"Mimi!" Fisi akaruka. "Mimi, na baba yangu, na babu yangu! Kenge akalale!"

"Mfalme umesikia?"

"Nimesikia," Simba akanguruma. "Na atakayevunja utani mbele yangu, amenivunjia heshima mimi." Alipenda sana kusema maneno ya namna hiyo.

Fisi akala. Akamaliza sufuria ya kwanza na ya pili, akailamba ya tatu huku akiyatukana macho ya Chura, na ya nne akaingiza kichwa kizima. Chura hakununa. Alimngoja ashibe, akamletea ufagio.

"Karibu kazini, mtani. Wanangu walifia mtoni."

Fisi akacheua. "Mtoni sehemu gani?"

"Mto mzima."

Fisi akamgeukia Simba. "Mtukufu, mayai nayo yana msiba?"

Simba akaona macho yote yanamtazama yeye. "Nimeshanguruma," akasema. "Mimi singurumi mara mbili."

Fisi akawaza kukimbia. Kisha akawakumbuka ndugu zake, wale fisi wenzake, ambao maiti asiyezikwa kwao ni kitoweo. Akaushika ufagio.

Akazoa tope jeusi kutwa nzima, kiuno kinalia. Jioni Chura akaja, akachovya matako majini, akayatoa upesi.

"Bado."

Asubuhi Fisi akakuta palepale pameoza upya. Akafoka, "Mpumbavu gani anamwaga uchafu nilipofagia?"

Wanyama wakaanguka chini kwa kicheko. Simba mwenyewe alijikohoza ili asionekane anacheka.

Siku ya tatu Fisi akapanda juu, akaliziba bomba kwa mikono yake. Uchafu ukarudi nyuma, ukajaa uani kwake, ukaingia mpaka chumbani, na mkewe akafungasha akarudi kwao. Ikabidi achimbe mashimo nyuma ya nyumba yake aumwage humo, na tope la mtoni akalibeba kwa mgongo kulipeleka hukohuko. Kila jioni Chura alichovya, kila jioni akasema, "Bado." Kiuno cha Fisi kikashuka, na mpaka leo hakijapanda.

Siku ya ishirini na tisa Chura akachovya, hakutoka. Akatulia, akafumba macho, akataga palepale mbele ya kadamnasi. Hakuna aliyeondoka pale mtoni mpaka mayai yalipoanguliwa na maji yakajaa viluwiluwi, na Chura akalia tena, safari hii kwa furaha.

"Pamesafika?" Fisi akauliza.

"Pamesafika, mtani wangu. Na Jumamosi nina sherehe ya watoto, kuna pilau. Utakuja?"

Fisi akatoka mbio bila kuaga. Mla mbuzi hulipa ng'ombe.