Kombolela ya Jioni ya Mwisho

Hapo zamani, wala si zamani ya masultani na majini, ni zamani ya juzi tu nikiwa bado na meno yangu yote, palikuwa na meli ya matembezi ikiitwa Bahati Njema. Kila likizo ilipakia akina baba, akina mama na watoto wao, ikawazungusha visiwani, kisha ikawarudisha bandari ya Tanga wameshiba na kuungua jua. Wazazi walijilaza vitini wakinywa madafu. Watoto waliwekwa klabuni, kila mmoja na rika lake, maana mtu mzima akitaka kupumzika hukumbuka upesi sana kwamba mtoto anahitaji wenzake.

Wa miaka minne hadi sita waliitwa Vifaranga, wakafungwa utepe wa njano mkononi. Wa saba hadi kumi waliitwa Kanga, utepe wa kijani. Wa kumi na moja kwenda juu waliitwa Tai, utepe mwekundu, na maringo walikuja nayo wenyewe kutoka kwao.

Nahodha wa meli, Nahodha Vuai, alikuwa na ada yake. Jioni ya mwisho klabu zote zilicheza kombolela kwenye sitaha ya juu. Klabu iliyoshinda ilimtoa mtoto mmoja, na asubuhi meli ikiingia bandarini, mtoto huyo ndiye aliyevuta kamba ya honi. Honi ile ikilia, mji mzima hugeuka. Mtoto mmoja, mkono mmoja. Na kila safari walishinda Tai. Vifaranga hawakuwahi kuigusa kamba ile hata ndotoni.

Sheria zilikuwa hivi. Tai wanatafuta, wengine wanajificha. Kanga akionekana na kutajwa jina, kakamatwa. Kifaranga, kwa udogo wake, kutajwa hakumpati. Mpaka aguswe kwa mkono. Waliokamatwa wanasimama kando ya kopo lililowekwa katikati ya sitaha. Lakini akitokea mmoja aliye huru akalipiga kopo teke, kawakomboa wote, na klabu yake imeshinda. Kengele ya chakula ikilia kabla ya hapo, ushindi ni wa Tai.

Basi safari hiyo, katika Vifaranga alikuwamo Bikombo binti Bi Riziki. Siku ya mchezo ilikuwa Ijumaa, na Bikombo alikuwa anatimiza miaka saba Jumamosi, habari aliyokwisha mtangazia kila mtu melini. Kaka yake, Machano, wa miaka tisa, alikuwa Kanga. Na mlinzi wa kopo alikuwa Mwatima, msichana wa Tai, wa miaka kumi na mitatu. Mwatima alikuwa na jicho ambalo lingemwona sisimizi akipiga mwayo.

Mchezo ukaanza jua lingali juu. Kanga wakatajwa, wakakamatwa. Vifaranga wakaguswa, wakakamatwa. Kanga tena, Vifaranga tena, mpaka pale penye kopo pakajaa kama harusini. Wakabaki wawili tu, Machano na dada yake, wamejibanza nyuma ya rundo la majaketi ya kuokolea. Jua likazama. Mpishi akaonekana anaelekea kwenye kengele.

Machano aliitaka honi ile kuliko kitu chochote. Alikuwa amewaahidi watoto wa mtaani kwao kwamba wataisikia, na watajua ni yeye. Lakini Mwatima hakuwa anabanduka penye kopo. Machano akachukua taulo, akajifunika kichwa.

"Mimi natokea upande ule," alimwambia dada yake. "Hatajua ni nani wa kumtaja, itabidi anifuate. Akinifuata, wewe kimbia."

"Utakamatwa."

"Najua. Wewe kimbia tu."

Akatoka mbio na taulo lake. Mwatima akamfuata, akamkamata, akalifunua lile taulo, na alipogeuka akamwona Bikombo anakuja na miguu yake mifupi. Akamtaja kwa sauti iliyosikika sitaha nzima: "Bikombo, nimekuona." Bikombo hakusimama. Alikuja, akaja, akalipiga kopo teke likaruka juu ya vichwa vya watu na kutumbukia baharini.

Jamani, furaha ya jioni ile siwezi kuimaliza. Waliokombolewa walitawanyika wakipiga vigelegele, wazazi waliacha madafu yao wakasimama, na Vifaranga wakambeba Bikombo juujuu, ingawa kumbeba kwenyewe hawakuweza na waliangushana wote. Mimi nilicheka mpaka nikalia.

Ndipo Mwatima akasema kwa utulivu kwamba hilo kopo halihesabiki. Jua limezama. Kwa watu wa pwani usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo Jumamosi imekwisha kuingia. Bikombo ana miaka saba, ni Kanga, na Kanga akitajwa kakamatwa.

Akaitwa Bi Riziki, mama mtu. Mama wa watu akatamani sakafu ipasuke immeze. Lakini hakuwa mtu wa uongo, akasema ni kweli, nyumbani kwake mtoto hutimiza mwaka magharibi ikiingia. Vifaranga wakaja juu. Wakasema saa ya meli hubadili tarehe saa sita za usiku, na utepe ulioko mkononi ni wa njano, kila mwenye macho na autazame. Machano naye akasema yake: "Mguu ni wa Bikombo, lakini njia niliifungua mimi. Nilikuwa huru, nikajitoa."

Nahodha Vuai akachutama mbele ya mtoto. Akamuuliza, ana sita au ana saba? Angesema sita, maneno yangekwisha palepale.

Bikombo alikuwa ameingoja hiyo saba mwaka mzima. Akainua kidevu.

"Nina saba tangu jua lilipozama," alisema. "Na kopo nimelipiga."

Wakabishana mpaka wali ukapoa. Asubuhi saa zote zilikubaliana kwamba Bikombo ana miaka saba, lakini la jana lilibaki kuwa la jana. Tanga ikaonekana. Nahodha akawaita watatu wale chumbani kwake, kamba ya honi ikining'inia mbele yao.

Haya, mnaonisikiliza, msinijibu kwa huruma, huruma kila mtu anayo. Yuko Mwatima, aliyetaja jina wakati wake na kushika sheria barabara. Yuko Machano, aliyeitaka honi kuliko wote akajitoa ili ashinde mwingine. Yuko Bikombo, aliyewakomboa wote, kisha akakataa kudanganya umri wake hata kwa ushindi. Meli inaingia, watu wamejaa gatini, na kamba inavutwa na mkono mmoja tu.

Je, ni mkono wa nani?